Kubadilisha ekzosi ya pikipiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mtu anayetaka kutoa ekzosi iliyokuja na pikipiki na kufunga ya kampuni nyingine. Majibu mengine ni marefu, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea na injini huumia.

Ekzosi ni sehemu gani hasa?

Wengi wakisema ekzosi wanafikiria lile kopo la nyuma linalotoa mlio. Hilo ni sailensa, na ni kituo cha mwisho tu. Moshi hutoka kwenye silinda hedi na kuingia bomba la mbele. Kwenye injini ya silinda mbili au nne, mabomba ya mbele hukutana mahali pamoja, kisha moshi hupita bomba la kati, mara nyingi na katalisti inayosafisha gesi, ndipo unafika kwenye sailensa. Kila kiungo kina gasketi, klampu au springi zake. Kabla ya kulipa, uliza unachouziwa kinaanzia kwenye kiungo gani. Picha ya tangazo huonyesha kopo linalong'aa na kuficha mengine yote.

Ninunue sailensa peke yake au mfumo mzima?

Kwa waendeshaji wengi jibu langu ni sailensa peke yake. Bomba la mbele, sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi) na katalisti (pale inapokaa kabla ya sailensa) vinabaki mahali pake, mchanganyiko wa hewa na petroli haubadiliki sana, kazi ni ya bolti chache, na ukichoka na mlio unarudisha ya zamani jioni moja.

Mfumo mzima ndio unaopunguza uzito wa kweli, na kama kuna nguvu ya kupatikana, nyingi iko huko. Lakini unadai urekebishe mafuta, na mingi kati ya mifumo hii hutengenezwa kwa ajili ya mashindano, haina idhini ya barabarani. Kama hukuweka akiba ya kulipia marekebisho ya mafuta, usiununue. Pikipiki yenye mfumo mzima wa bei kubwa na mafuta yasiyorekebishwa huenda vibaya kuliko ilivyotoka kiwandani, na nasikitika kila ninapoona mtu ametumia akiba yake kufika hapo.

Nitapata nguvu kiasi gani?

Kwa sailensa pekee, kidogo sana au hakuna. Chukua pikipiki ya cc 125 yenye nguvu za farasi 10 hivi: hata ukiongeza asilimia 5, ambayo tayari ni nyingi, umepata nusu ya farasi mmoja. Mlio mkubwa hudanganya masikio. Mtu husikia kishindo na kuamini kwamba mwendo umeongezeka. Faida unayoweza kuipima ni uzito. Sailensa za kiwandani ni nzito, zina vyumba na kuta nyingi ndani, na kilo mbili au tatu zikiondoka nyuma ya pikipiki utazihisi unapoisukuma na unapopiga kona.

Ni kweli injini inahitaji moshi uzuiwe kidogo ili iwe na nguvu?

Hapana, ingawa utalisikia hili kwa mafundi wengi, na wanaolisema wameona kitu cha kweli: mtu anafunga bomba pana lisilo na kizuizi, na pikipiki inakuwa dhaifu mwendo wa chini. Waliloliona ni sahihi, sababu wanayoitoa siyo.

Valvu ya moshi inapofunguka, gesi ya moto hutoka kwa shinikizo kubwa na kutuma wimbi ndani ya bomba. Wimbi hilo husafiri kwa kasi ya sauti, na kwa kuwa gesi ni ya moto, kasi hiyo huzidi ile ya mita 340 hivi kwa sekunde tunayoijua kwenye hewa ya kawaida. Likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, sehemu yake hurudi nyuma kama wimbi la kufyonza. Ikitokea limefika kwenye silinda wakati valvu ya moshi haijafunga na ya kuingiza imeanza kufunguka, linavuta mabaki ya moshi na kusaidia hewa mpya kuingia. Hapo injini inapumua vizuri kuliko ambavyo pistoni ingeweza peke yake.

Muda wa wimbi kwenda na kurudi unategemea urefu wa bomba. Kwa hiyo kila bomba lina mizunguko ya injini linayoipenda, na nje ya hapo linasaidia kidogo au linaharibu. Upana nao una kazi yake: bomba likiwa pana mno, gesi hupunguza mwendo na kupoteza msukumo inaoutumia kuvuta inayoifuata, na mizunguko ya chini ndiyo huumia kwanza. Kinachopotea ni kasi ya gesi. Kizuizi hakikuwa na msaada wowote. Kwa pikipiki inayobeba abiria au mzigo na kupanda milima, bomba la upana unaokaribia ule wa kiwandani ni chaguo bora kuliko lile pana la kuvutia macho.

Na kwa injini ya tustroki?

Hapo kuwa mwangalifu mara mbili. Tustroki, injini inayomaliza kazi yake kwa mipigo miwili ya pistoni badala ya minne ya fostroki, haina valvu za moshi. Tundu la kutolea moshi na matundu ya kuingizia mchanganyiko hubaki wazi kwa pamoja kwa muda, na petroli mpya huelekea kutoroka nje. Lile tumbo la ekzosi ya tustroki, linalonenepa na kisha kukonda, hutuma kwanza wimbi la kufyonza, halafu wimbi la shinikizo linalousukuma mchanganyiko uliotoroka urudi ndani ya silinda kabla tundu halijafungwa. Mhandisi Walter Kaaden wa MZ, kampuni ya pikipiki ya Ujerumani Mashariki, aliiendeleza kazi hii katika miaka ya 1950, na kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25 hivi, sawa na 200 kwa kila lita. Mwaka huohuo mpanda pikipiki wake Ernst Degner alikimbilia Magharibi akiwa na ujuzi huo, na 1962 akatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50 akiwa na Suzuki.

Basi usikate tumbo hilo, usilifupishe, wala usifunge bomba la fostroki kwenye tustroki. Umbo lile ni sehemu ya injini kama pistoni ilivyo.

Chuma gani ni bora?

Stenlesi, kwa matumizi ya kila siku. Lakini stenlesi si moja: daraja la 304 lina kromu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8, na hustahimili kutu vizuri, daraja la 409 lina kromu asilimia 11 hivi, ni la bei nafuu, na huota kutu ya juujuu ya rangi ya kahawia. Chuma cha kawaida kilichopakwa kromu hupendeza kikiwa kipya, kisha hubabuka.

Titani ina uzito wa gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya takriban 7.9 za stenlesi, kwa hiyo ni nyepesi kwelikweli, na bei yake inalingana na wepesi huo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, na gesi inayotoka silinda yaweza kupita hapo, ndiyo maana utaiona kwenye ganda la sailensa tu. Nyuzi za kaboni nazo ni za ganda, na zikianguka mara moja huvunjika badala ya kubonyea.

Nitajuaje kama itaingia kwenye pikipiki yangu?

Jina la modeli halitoshi. Watengenezaji hubadilisha mabano na vipimo kati ya mwaka mmoja na mwingine huku jina likibaki lilelile, kwa hiyo taja na mwaka. Ikiwa ni sailensa isiyo ya modeli maalumu, pima kipenyo cha nje cha bomba la kati kwa kalipa. Tofauti ya milimita moja yatosha kuleta uvujaji ambao klampu haitauziba.

Kisha angalia kinachoizunguka. Je, stendi ya kati bado itakunjika? Bolti ya kumwagia oili na filta yake vitafikika bila kung'oa bomba? Mguu wa abiria na mkoba wa pembeni viko mbali na joto? Gurudumu la nyuma likipanda hadi mwisho wa shokamzoba, litagusa? Hili la mwisho husahaulika sana, kwa sababu pikipiki hupimwa ikiwa imesimama bila mzigo.

Ukinunua iliyotumika, itikise. Kitu kikigonga ndani, ukuta umeachia. Chunguza pia mshono wa bano la kuning'inizia, maana nyufa huanzia hapo.

Mlio unaoruhusiwa ni kiasi gani?

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila kuna alama za kukusaidia. Kanuni namba 92 ya Umoja wa Mataifa inahusu sailensa mbadala za pikipiki, na sailensa iliyopitishwa hugongwa herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi. Idhini hiyo ni kwa modeli zilizotajwa kwenye hati yake, si kwa pikipiki yoyote. Marekani, pikipiki za barabarani zilizotengenezwa tangu 1986 zina kikomo cha desibeli 80 kwa kipimo cha kupita mbele ya kinasa sauti.

Desibeli hazijumlishwi kama kilo. Ongezeko la desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi, na sikio hulisikia kama mlio uliozidi maradufu hivi. Sailensa iliyo juu ya kikomo kwa desibeli 10 ni usumbufu mkubwa kwa mtoto aliyelala na mgonjwa aliye kitandani, na wewe mwenyewe unakaa nayo saa nzima. Ukiniuliza mimi, mlio mzuri ni mzito na wa chini, na mtu wa nyumba ya pili hausikii.

Naweza kutoa kile kipunguza kelele kilichofungwa kwa bolti mwishoni mwa sailensa?

Kinatoka kwa urahisi, na kwa kawaida kukitoa kunafuta idhini ya barabarani. Pia kunabadilisha mtiririko wa gesi, na pikipiki iliyokuwa sawa yaweza kuanza kukohoa mwendo wa chini. Kiache.

Na katalisti?

Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini yanayogeuza kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni kuwa gesi zenye madhara kidogo. Nchi nyingi zinakataza kuiondoa kwenye chombo cha barabarani. Kama ekzosi unayoitaka haina nafasi yake, tafuta nyingine. Hewa hiyo tunaivuta wote.

Lazima nirekebishe mafuta?

Inategemea. Pikipiki ya injeksheni yenye sensa ya oksijeni hujirekebisha yenyewe kidogo inapokwenda mwendo wa kawaida, ikilenga uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Ukivuta mafuta hadi mwisho, nyingi huacha kuisikiliza sensa na kufuata ramani (jedwali la kiasi cha petroli) iliyoandikwa kiwandani kwa ajili ya ekzosi ya kiwandani. Kwa sailensa pekee, tofauti mara nyingi huvumilika. Kwa mfumo mzima, au ukibadilisha na filta ya hewa, ramani ibadilishwe na mtu mwenye kifaa cha kupima mchanganyiko.

Kabureta haijirekebishi kabisa. Hewa ikizidi petroli, injini huchemka zaidi, huvuta kwa kusitasita, na plagi hutoka nyeupe kama chokaa. Ongeza ukubwa wa jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) kwa hatua moja moja, na utazame plagi baada ya kuendesha kwa mzigo kisha kuzima injini palepale. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi inasema petroli imezidi.

Nianzeje kutoa ya zamani?

Kwa subira. Ajali kubwa ya kazi hii ni kukatika kwa studi kwenye silinda hedi. Studi, bolti isiyo na kichwa inayoshikilia bomba la mbele, ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na miaka ya joto na maji huzigandisha. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na urudie asubuhi. Sugua nyuzi zilizo wazi kwa brashi ya waya. Nati ikigoma, usiongeze urefu wa spana: kaza kiasi kidogo, legeza, kaza tena, legeza zaidi. Injini ikiwa na uvuguvugu husaidia, ila bomba la mbele liwe limepoa kiasi cha kushikika.

Studi ikikatika, simama. Kama imebaki na kishina nje, fundi wa kuchomelea anaweza kubandika nati juu yake na kuitoa. Kuitoboa kwa mkono bila kifaa cha kuongoza keekee ndiko kunakoharibu hedi nzima.

Chomoa waya wa sensa kabla ya kufungua sensa yenyewe, la sivyo utausokota hadi ukatike.

Utaratibu wa kufunga ni upi?

Toa gasketi ya zamani kwenye tundu la hedi. Mara nyingi imebanwa hadi ikafanana na ukuta wake, na watu huweka mpya juu yake bila kujua. Gasketi ya pete hujibonyeza mara moja tu ili kuziba, kwa hiyo nunua mpya kila unapofungua. Ni kitu kidogo, na uvujaji mwingi unaanzia hapo. Ibandike kwa tone la grisi ili isianguke.

Weka bomba la mbele na uzungushe nati kwa vidole tu. Ingiza bomba la kati, kisha sailensa, kisha bolti ya bano, zote zikiwa legevu. Sasa tazama: kila kitu kinapaswa kukaa chenyewe bila kulazimishwa. Kama unalivuta bomba ili bolti iingie kwenye bano, mvuto huo utabaki humo, na mtikisiko utaugeuza kuwa ufa. Legeza, zungusha viungo, jaribu tena. Ukihitaji washa ya kujazia nafasi, itumie.

Hapo ndipo unaanza kukaza, kutoka kwenye hedi kwenda nyuma. Nati mbili za hedi zikazwe kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kwa spana ya kupimia mkazo. Bano la sailensa ndilo la mwisho. Springi zivutwe kwa ndoano yake. Koleo hukwaruza, na springi ikichomoka huelekea usoni, basi vaa miwani. Usibadilishe springi kwa waya au bolti, kwa sababu bomba likipata moto hurefuka na springi ndiyo inayoliruhusu.

Ukipaka dawa ya kuzibia viungo, chagua isiyodhuru sensa. Silikoni ya kawaida hutoa mvuke unaoiua sensa ya oksijeni.

Pikipiki yangu ina valvu ndani ya ekzosi inayofunguliwa na mota. Nifanye nini?

Yamaha ilianza kuiweka mwaka 1987 kwa jina EXUP ili mwendo wa chini usidhoofike, na sasa wengi wanayo. Ekzosi nyingi mbadala haziiweki. Ukiikata mota bila mpango, taa ya injini itawaka. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa mahali pake na kuidanganya kompyuta kwamba mota ipo. Hakikisha kimekuja na ekzosi.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza?

Futa bomba zima kwa spiriti. Alama za vidole zina mafuta, na zikichomwa mara moja hubaki kwenye stenlesi au titani daima. Washa ukiwa nje, kamwe si ndani ya chumba, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Moshi mwepesi dakika za kwanza ni mafuta ya kiwandani yanayoungua.

Pitisha mkono karibu na viungo bila kugusa. Uvujaji huhisiwa kama pumzi zinazodunda. Masizi meusi pembeni ya kiungo baada ya siku chache ni ushahidi huohuo. Acha ipoe kabisa, kaza tena kila nati, na urudie baada ya kilomita 100 hivi.

Kwa nini inapiga risasi ninapoachia mafuta?

Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inaungua ndani ya bomba. Ili iungue inahitaji hewa, na swali la kwanza ni hewa hiyo imepita wapi. Mara nyingi ni gasketi ya bomba la mbele, pale linapoungana na hedi, inayovuja. Kama viungo ni vizima, tazama mfumo wa kuingiza hewa safi kwenye tundu la moshi, ambao pikipiki nyingi huwa nao, au mchanganyiko wenye petroli haba. Mlio mdogo wa hapa na pale kwenye sailensa iliyo wazi zaidi hauna madhara. Mfululizo wa milipuko mikubwa, hapana, tafuta chanzo.

Bomba la mbele limegeuka bluu. Limeharibika?

Hapana. Joto hujenga utando mwembamba wa oksidi na mwanga ukiupiga huonekana kama rangi. Ila bomba moja kati ya manne likigeuka bluu kupita mengine, chunguza silinda hiyo.

Nilifunge bomba kwa utepe wa joto?

Kwa pikipiki ya kila siku siupendi. Hushika maji ya mvua na kuyabana juu ya chuma, na kutu hula bomba mahali usipoona.

Sailensa imeanza kupiga kelele kuliko mwanzo.

Ile yenye pamba ya kioo ndani huichoma na kuitema kidogo kidogo. Mlio ukiwa mkali na ganda likiwa la moto kuliko kawaida, fungua riveti au bolti za mwisho wake, toa mabaki, zungushia pamba mpya kwenye bomba lenye matundu, ibane ijae bila kushindiliwa, ufunge. Vaa barakoa na glavu. Nyuzi zile huwasha ngozi na koo.

Nifanye nini na ya zamani?

Usiiuze. Ukaguzi wa chombo, bima au mnunuzi wa baadaye anaweza kuitaka. Ikaushe, ziba matundu kwa kitambaa ili wadudu wasijenge ndani, na ufungie bolti, mabano na washa zake zote kwenye mfuko mmoja ulioufunga kwenye bomba lenyewe.